Ami wa welidingi Kongowea na banda la kenge wetu: nyota nne, moja nimeibakisha mkononi

Nilisema siandiki kitu mpaka masika ipite, manake chuma cha Mombasa hukijui mpaka kilowe, kikauke, kilowe tena, alafu upepo wa kusi ukipulizie chumvi wiki mbili tatu. Sasa mvua imepiga, kusi imeingia, na leo asubuhi nimelizunguka banda lote na kikombe cha chai mkononi nikikagua kiungo kimoja kimoja. Kwa hivo hii hapa.

Ninayemwandika ni fundi mmoja wa welidingi kule nyuma ya soko la Kongowea, wote twamwita Ami. Jina lake naliacha, sijamuomba ruhusa na yeye si mtu wa mitandao, simu yake ni ile ya tochi. Ukiuliza vijana wa mkokoteni hapo sokoni "Ami wa mageti yuko wapi" utapelekwa mpaka mlangoni. Kazi niliyompa ilikuwa banda la kenge wawili wakubwa.

Najua mshaanza kucheka. Chekeni tu, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na sisi tunaowalisha tumo pia, nyuma kabisa na ndoo.

Mimi natunza wanyama kwa mzee mmoja huku Shanzu, ana bustani ndogo ya wanyama watambaao, nyoka kadhaa, kobe, na hawa kenge wawili, Bwanyenye na Kidawa. Waliletwa wakiwa wadogo, kila mmoja na kesi yake ya mayai ya watu. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kiko ukutani kwa fremu karibu na picha ya harusi ya mzee, maafisa wakija wanaonyeshwa hicho kabla hata ya soda. Nalitaja mapema kwa sababu kuna mtu atamaliza kusoma atoke na gunia kumtafuta kenge kichakani. Usithubutu. Kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, kumweka mnyama wa pori nyumbani bila kibali ni kosa, na hawatakuuliza kama banda lako lilikuwa zuri.

Hawa wetu ni kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis kwa jina la kitabuni, sio wale kenge maji wa kando ya mito. Bwanyenye nilimpima kwa utepe wa fundi cherehani akiwa amelala juani, mita moja na sentimita 38 kutoka pua mpaka ncha ya mkia, na bado anakua. Ana kucha kama ndoano za samaki na shingo kama mkono wangu. Kila kitu anakijaribu kwa kucha kwanza alafu kwa pua. Hiyo pua ndo ilituleta kwa Ami.

Banda la kwanza tulimpa fundi wa mahali pengine, sitapataja, na yeye alikuwa amezoea mabanda ya kuku. Akatuwekea nyavu ile ya cheni-linki ya ua, nguzo za mbao, paa la mabati, sakafu ni udongo wenyewe wa shamba. Ukiliangalia kwa mbali safi. Wiki ya pili Bwanyenye ana kidonda puani, manake kenge akiona nje anataka kwenda nje, haelewi kwa nini hapiti, basi anasugua pua kwenye waya kutoka asubuhi mpaka jioni akienda na kurudi. Wiki ya tano mabati yale yalikuwa yameligeuza banda tanuri, saa saba mchana hakuna hata pembe moja ya kupumzikia, na Kidawa akaamua anachimba. Alitokea upande wa pili wa ua kwa jirani yetu, moja kwa moja kwenye banda la kuku. Mama wa watu alikuja na mwiko mkononi ukidondoka ugali, hakusema salamu, akasema tu "Njoo umchukue mwanao." Mayai kumi na moja tulilipa. Jogoo hatukulipa, alikufa kwa presha yake mwenyewe mimi najua.

Ndo nikaenda Kongowea.

Siku ya kwanza Ami alikuwa chini ya mwembe anapiga kahawa tungu na kaimati, vijana wake watatu wanachomelea geti la mtu. Nikamwamkua, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kukata maneno, ambayo kwa fundi wa Mombasa peke yake ni nusu nyota. Alafu akauliza, "Mwanangu, huyo mnyama ana nguvu wapi? Mdomo, miguu, au mkia?" Nikasema Ami, kote. Akasema basi lazima nimuone, siwezi kukata chuma cha mtu sijamuona.

Akaja Shanzu kwa matatu na kijana mmoja. Akaingia kwenye lile banda bovu na kanzu yake kaikunja kiunoni, akachutama, akaanza kuangalia waya, na Bwanyenye naye akaanza kujijaza pumzi, shingo ikafura, akatoa ile sauti yake kama tairi inayotolewa upepo. Nikamwambia Ami rudi nyuma kidogo. Hajamaliza kusikia mkia ukampiga muundi wa mguu, paa! Yule kijana alishafika getini. Ami akasimama, akasugua mguu, akamtazama kenge, akasema, "Haya. Nguvu iko mkiani." Akaandika kwenye boksi la sigara. Toka siku hiyo nikajua nimepata fundi.

Sasa banda lenyewe, manake najua wengine hamjaja kwa hadithi.

Jambo ambalo mimi mwenyewe ilinichukua muda kulielewa ni kwamba banda la kenge linaanza chini. Watu wanafikiria chuma, wanafikiria upana wa nyavu, wakati mnyama mwenyewe akili yake iko kwenye udongo, usiku analala shimoni, joto likizidi anaingia shimoni, ngozi ikitaka unyevu anaingia shimoni, na jike akitaka kutaga bila udongo wa kina mayai yanaweza kumkwama tumboni akafa. Kwa hivo tulikubaliana na mwashi wetu kuchimba kwanza mpaka mwamba. Huku kwetu mwamba hauko mbali, futi moja unagonga matumbawe, na hiyo ni baraka kwa mara ya kwanza tangu mzee anunue kiwanja, manake mwamba ndo sakafu yetu, kenge na achimbe mpaka achoke. Penye nyufa tukalaza weldimeshi, ule wavu wa nyaya nene zilizochomelewa, juu ya mwamba ukapandishwa ukuta wa mawe ya matumbawe kimo cha mita moja na robo hivi, ndani ukapigwa plasta laini kama bakuli. Robo tatu ya mita ikajazwa udongo, sentimita hamsini zikabaki ukuta mtupu. Hizo hamsini ndo dawa ya pua. Kenge akisimama kwa miguu minne haoni ua, haoni njia, haoni kuku wa jirani, hana sababu ya kusugua kitu. Tena plasta laini haimpi pa kushika kucha apande kwenye waya.

Udongo tulileta lori tatu za Canter, ule mwekundu na mchanga, tukachanganya kwa koleo mpaka ukishika ngumi ukifungua unabaki umeshikana bila kudondoka maji. Ukiwa mkavu shimo linamporomokea, ukiwa matope analala kwenye baridi na magamba yanapata madoa. Juu nikamwaga majani ya mivinje niliyookota kando ya barabara ya Bamburi. Hili wazo sio langu. Pale Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, palikuwa machimbo ya sementi, mwamba mtupu, René Haller akaanza kupanda mivinje mwaka 1971, na majani yalipogoma kuoza akaleta majongoo wayale wayageuze udongo. Mimi nikasema kama majongoo yaliweza machimbo mazima hayatashindwa na banda la futi kumi na mbili. Nikayatia. Kenge nao kwa porini chakula chao ni hao hao, majongoo, konokono, mende wakubwa, kwa hivo ikawa udongo na chai ya jioni mahali pamoja. Watu wanaowajaza kenge panya na nyama ya kuku kila siku wanawanenepesha mpaka tumbo linaburura, acheni.

Chuma sasa, na hapa ndo Ami anapopata nyota zake.

Banda ni futi kumi na mbili kwa nane, kimo cha kichwa changu na mkono, fremu ya skwea tyubu, yale mabomba ya mraba, inchi moja na nusu, weldimeshi nzito ya tundu la inchi moja. Nilitaka waya wa ndani uwe laini kabisa. Fundi wengine ukiwaambia laini wanapitisha grainda mara moja wanakwambia tayari mamangu. Ami alimtuma kijana dukani kununua leso, ile ya bei rahisi, akairarua nusu. Alafu akaanza kuipitisha kwenye kila kiungo upande wa ndani, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Leso ikishika uzi hata mmoja anaweka chaki. Walipomaliza upande mmoja nilihesabu chaki arubaini na kitu. Vijana wakaguna. Ami akasema, "Leso ikishika, na ngozi itashika," akawapa grainda tena. Siku ya pili leso ile ile ikapita upande mzima bila kushika. Mimi nimejengewa vitu vingi, nyumba ya mamangu kule Mtongwe imejengwa mbele ya macho yangu, sijawahi kuona fundi anapima kazi yake kwa leso.

Kitu kingine ni zinki. Weldimeshi ya galvanaizi ina ngozi ya zinki inayozuia kutu, lakini ukichomelea, moto unaila ile zinki pale pale kwenye kiungo, kwa hivo waya wote ni mzima isipokuwa mahali penye kazi zaidi. Kwa hali ya hewa ya huku hiyo ni miezi tu. Ami anajua, akasugua kila kiungo kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya zinki mara mbili, alafu ndo rangi ya juu. Na moshi wa zinki ukiuvuta unakutia homa ya usiku, vijana wake wanakunywa maziwa eti yanaosha kifua, nikawaambia maziwa ni mazuri kwa mahamri lakini kifua kinataka upepo na barakoa, wakacheka, wakanywa. Hilo nalo ningependa Ami alishughulikie.

Paa tulibishana. Yeye alitaka mabati, kisha akataka karatasi ile ya plastiki ya kupitisha mwanga, na mteja mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua dirisha lake akaingilia kati, "Mwekeeni vioo, apendeze." Ndugu zangu, kioo kinapitisha joto na mwanga lakini miale ya UVB kinaizuia, na bila ile miale kenge hatengenezi vitamini D, bila vitamini D kalsiamu haifanyi kazi, mifupa inakuwa laini kama muhogo wa kuchemsha. Watu wa nchi za baridi wananunua taa za bei mbaya kwa ajili hiyo tu na wanazibadilisha kabla hata hazijaungua kwa sababu miale inapungua huku taa bado inawaka. Sisi tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua tunalo bure mpaka linatukera, alafu tulizibe na kioo? Tukakubaliana theluthi mbili za juu ni weldimeshi wazi, ambayo pia inawazuia kunguru, manake kunguru wa Mombasa akiona bakuli la mayai hana haya, na theluthi moja makuti mazito. Chini ya makuti joto linashuka, mvua haizamishi mashimo, na makuti hayaungui mtu mgongo kama mabati.

Upande wa jua nikaweka mawe bapa ya Mazeras, yale watu wanayopamba nayo kuta, matatu makubwa yamelazwa juu ya matofali ili chini yabaki uvungu. Kenge wa nchi kavu anataka jiwe la moto kweli kweli, sio joto la vuguvugu, jiwe lenyewe lifike nyuzi hamsini na kitu, akishaiva anashuka mwenyewe kwenye kivuli. Nikataka kulipima na ile bunduki ya kupima paji la uso iliyobaki hapa tangu korona, ikaandika herufi tu ikakataa, ile haipandi zaidi ya homa ya binadamu. Nikaazima ya fundi wa friji. Saa sita na nusu jiwe la kati lilikuwa 56, udongo chini ya makuti 29, mdomo wa shimo 27. Mnyama mmoja ana hali ya hewa tatu ndani ya hatua nne. Ukinijengea banda lenye joto moja kila mahali umenijengea jela.

Hapa niseme kwa wale wa bara wanaosoma: haya mambo ya kuacha wazi ni ya huku pwani. Nairobi usiku wa Julai kenge wako atakuwa ubao, huko unahitaji chumba na taa za joto, na stima ikipotea uwe na mpango. Sisi baridi yetu kali ni nyuzi ishirini na moja hivi na watu washavaa sweta.

Maji tulifanya beseni la sementi lenye mteremko, kubwa kiasi Bwanyenye anazama mwili wote, na bomba la kutolea maji nje kwa valvu. Msidharau hiyo valvu. Kenge akiingia majini kitu cha kwanza ni choo, kila siku, kama ameweka saa. Zamani nilikuwa natoa maji kwa kopo, sasa nafungua, nasugua, nafunga, dakika saba. Alafu mikono sabuni mpaka kiwiko kwa sababu wanyama hawa wanabeba salmonela bila wao kuumwa.

Milango. Nilimwambia Ami nataka milango miwili, wa nje na wa ndani, katikati kijichumba cha mtu mmoja kusimama, ili mmoja usifunguke kabla mwingine haujafungwa. Akanitazama. "Milango miwili kwa mjusi? Mwanangu, hii benki?" Nikamkumbusha jirani na mwiko. Akajenga. Bawaba zote amezigeuza ndani ya fremu hakuna boliti iliyotokeza, na komeo amelifunika na kibati ili mkia ukipiga lisifunguke, hilo hakuambiwa na mtu, alitoa kwenye boksi lake la sigara.

Haya, na sasa ile nyota niliyoibakisha.

Kenge wakubwa wawili hawakai pamoja siku zote, siku za chakula hasa, kwa hivo nilitaka kizuizi cha katikati cha kuteleza, unakivuta unawatenga, unakirudisha wanaungana. Ami akaweka reli chini, kama mageti yake yote ya Nyali ya kuteleza kwa gurudumu. Nikasema Ami, chini kuna udongo. Akasema udongo utafagia. Nani atafagia, Kidawa? Siku ya tatu Kidawa alichimba karibu na reli, mchanga ukajaa, kizuizi kikakwama nusu, na siku hiyo ndo nilikuwa nimeshatia konokono upande mmoja. Wote wawili wakafika kwenye uwazi mmoja kwa wakati mmoja. Nilivuta kile chuma mpaka mgongo ukalia, hakikusogea, ikabidi niwamwagie maji kwa mpira ndo wakaachana. Bwanyenye alitoka na alama ya meno ubavuni, si kubwa, lakini nilikuwa natetemeka.

Nikampigia. Akapokea, akasikiliza, akasema "Ni kosa langu," maneno ambayo sijui kama nishawahi kuyasikia kwenye simu kutoka kwa fundi yeyote. Lakini sasa kuja kurekebisha! Kesho. Kesho kutwa. Ijumaa anaswali, Jumamosi kuna arusi, Jumatatu kijana anaumwa kifua, nikamwambia si nilisema barakoa. Siku kumi na mbili nilikaa na wale kenge nimewatenga kwa meza ya kulia ya mzee iliyolazwa ubavu. Mpaka leo ina mikwaruzo na mzee anaitaja kila tukikaa kula.

Alipokuja alifanya sawa. Reli akaiondoa yote, kizuizi akakitundika juu kwa mapulei mawili, kinapanda na kushuka kama shata la mlango wa duka na kinashuka mpaka ndani ya udongo kiasi cha kiganja. Kazi hakutoza, nauli ya chuma alitoza, nikanung'unika nikalipa.

Na kazi nzima ilichelewa, aliniambia wiki tatu ikawa tano na siku mbili. Rangi pia, alipaka ya ndani siku mbili tu kabla ya kuleta na ilinuka tina ya kuchanganyia rangi mpaka macho yanawasha, ikabidi banda likae wazi siku kumi na sita kabla sijaingiza mnyama. Mwambieni mapema apake mwanzo, asingoje mwisho. Na risiti ukitaka lazima uombe mara tatu, anaandika kwenye yale yale maboksi ya sigara, mzee wetu ana faili la kodi lenye boksi la sigara ndani.

Bei, manake ndo mtauliza. Kwa Ami, vyuma na kazi na kusafirisha, 87,000. Mwashi, mawe, sementi na udongo zilipita hapo kando karibu elfu 50. Makuti alileta shemeji yake mzee, hayo yana hesabu zao. Ghali? Kwa banda la kuku ni wizi. Kwa mnyama anayeweza kukaa na wewe zaidi ya miaka kumi, na ukishalipia banda bovu kwanza, piga hesabu mwenyewe.

Kwa yule aliyeniuliza kuhusu iguana, mjusi mkubwa anayeletewa na binamu yake kutoka ng'ambo: kwanza karatasi, iguana wa kijani yuko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe wa pori, kama kenge, kuvuka mpaka naye bila vibali ni kesi. Pili usimpelekee Ami michoro yangu. Iguana ni mtu wa mitini, anakula majani, banda lake liende juu na magogo manene ya kulalia, udongo wa kina hana haja nao sana isipokuwa jike wa kutaga. Leso tu ndo ibaki ile ile.

Wakati mzuri wa kumpata Ami ni asubuhi kabla ya saa nne, baada ya adhuhuri anakuwa mkali na baada ya alasiri hayupo. Nenda na mchoro, nenda na vipimo, na kama kazi yako ina udongo au mchanga simama pale mpaka uone reli iko wapi.

Jumapili iliyopita alikuja Shanzu bila kuitwa, na mjukuu wake wa kike wa miaka sita hivi, amebeba mfuko wa konokono waliookota wenyewe baada ya mvua. Nikauliza kama shamba lilipigwa dawa, konokono nikawatia kwa ndoo waoshwe. Mtoto akashika fito za nje akimtazama Kidawa anatoka shimoni, kichwa kwanza, ulimi unaingia unatoka, mchanga umemkaa puani kama poda. Hakuogopa hata kidogo. Ami yeye hakumtazama kenge kabisa. Alikuwa amechutama kwenye pembe ya mlango wa nje, miwani kaishusha, anasugua kwa ukucha kidoa cha kutu ambacho mimi na chai yangu sikuwa nimekiona. Akaguna. Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa kibrashi cha waya.